Ducati 916 inaniumiza mikono na mgongo: niinunue au niiache?

"Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mhasibu, umri wangu miaka 46, naishi Malindi. Jirani yangu Mwitaliano anarudi kwao na ananiuzia pikipiki ya Ducati 916 ya mwaka 1996, nyekundu, ina namba za Kenya na imetembea kilomita 14,000 tu. Nimeitamani tangu ujana. Alinipa niijaribu, nikaenda Watamu na kurudi. Nilipofika nyumbani vifundo vya mikono vilikuwa vinawaka, kidole cha pete na cha mwisho vimekufa ganzi hadi magharibi, na mgongo uliniuma siku mbili. Wenzangu wanasema niongeze sponji kwenye kiti, nilegeze springi na niinue usukani, itakuwa kama kochi. Mwengine anasema mwili wangu umezoea Boxer, nitazoea na hii. Mke wangu naye anataka tuende nayo Mombasa kwa wazazi wake. Je, pikipiki hii yaweza kufanywa ya starehe bila kuharibiwa, au nitafute ya Kiitaliano nyingine?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa kitita kimoja: mwili wako, ile mashine yenyewe, na safari zenu wewe na mkeo. Niruhusu nianze na mwili.

Kwanza ondoa wasiwasi kwamba umezeeka au huijui pikipiki. Uliyoyasikia baada ya Watamu ndiyo anayoyasikia karibu kila mtu anayeipanda 916 kwenye barabara ya mwendo mdogo, awe na miaka 25 au 60. Na wala si dalili kwamba ile pikipiki ni mbovu. Imetengenezwa hivyo makusudi, na ukilielewa kusudi lenyewe utajua kipi kinaweza kubadilishwa na kipi hakiwezi.

Pikipiki yoyote inakushika mahali patatu: makalio kitini, nyayo kwenye vikanyagio, viganja kwenye usukani. Kwenye Boxer hayo matatu yamepangwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kulia chakula. Mgongo umesimama, na uzito wako karibu wote uko kitini. Kwenye 916 vishikio vya mkono vimekazwa chini, moja kwa moja kwenye foki, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Vikanyagio viko juu na nyuma, ili visikwaruze lami pikipiki inapolala kwenye kona. Kiti nacho kinateremka kuelekea tangi. Ukikaa, kifua kinainama, kichwa kinatangulia, na uzito wa hivyo viwili lazima uegemee mahali fulani. Aliyeichora, Massimo Tamburini, alikuwa ameshapata jibu la wapi utaegemea: kwenye upepo.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Kwenye kilomita 50 kwa saa, upepo kazi yake ni kukausha jasho. Kwenye 120 unakisukuma kifua kama mkono wa mtu anayekuzuia usianguke, na viganja vinabaki kushika tu bila kubeba chochote. 916 ilionyeshwa Milan mwaka 1993, na mwaka uliofuata mwendeshaji wa mashindano Carl Fogarty akachukua nayo ubingwa wa dunia wa Superbike, kisha akauchukua tena 1995. Umbo la kukaa ni la mtu yule, katika mwendo ule. Sasa wewe umeichukua kutoka Malindi hadi Gede, ukashuka Watamu, kwenye bodaboda, tuktuk, matatu zinazosimama bila kuonya, na matuta. Kila tuta ni breki, na kila breki inautupa mwili mbele juu ya viganja. Mikono yako ilifanya kazi iliyopaswa kufanywa na upepo. Ndiyo maana ikawaka.

Sasa tuje kwenye ushauri wa wenzako, ambao najua waliutoa kwa mapenzi.

Sponji. Hili nilishalifanya mwenyewe, na nililikosea. Miaka ya nyuma mteja aliniletea 916 akilalamika kama wewe, nami nikamwekea sponji nene ya godoro na kuivika ngozi mpya. Alirudi baada ya wiki moja, mikono inamuuma zaidi ya mwanzo. Nilikuwa nimemwinua makalio kama inchi moja na nusu na kuacha usukani palepale ulipokuwa, maana yake nimemwinamisha zaidi. Halafu sponji laini iliminyika upande wa mbele, mteremko ukazidi, akawa anateleza kugonga tangi kila akifunga breki. Kiti cha 916 kikitengenezwa, kitengenezwe kinyume cha nilivyofanya. Usiongeze kimo. Jaza sehemu ya mbele kwa sponji ngumu ili kiti kiwe sawa badala ya kuteremka, na juu uvishe ngozi isiyoteleza. Fundi mzuri wa makochi anaweza kuifanya ukimweleza sababu, na tofauti utaisikia siku hiyohiyo.

Springi. Watu wakisema "legeza springi" huwa wanazungusha ile nati ya juu ya springi. Nati hiyo haiifanyi springi kuwa laini hata kidogo. Inabadilisha kimo ambacho pikipiki inasimama ukiwa umeipanda, basi. Ukiilegeza ovyo, sehemu ya nyuma inakaa chini sana, na kwenye tuta shokabzoba inafika mwisho wake na kukupiga uti wa mgongo kwa pigo moja kavu. Ugumu ulio mbaya zaidi kuliko wa springi ni ule wa kugonga mwisho.

Njia sahihi ni kupima. Inua pikipiki hadi gurudumu lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama moja ya juu yake, kisha panda na nguo zako zote za safari na umwambie mtu apime tena. Mbele iwe imeshuka kama milimita 35, nyuma kama 30. Ikiwa imeshuka kidogo mno hata nati ikiwa imelegezwa kabisa, springi ni ngumu kwa uzito wako na inabadilishwa. Ikishuka mno hata ukikaza, ni dhaifu. Ukishapata kimo, ndipo unagusa zile skrubu ndogo zinazotuliza mwendo wa springi. Kuna ya kushuka na ya kurudi. Ya kurudi ikikazwa mno, ukivuka matuta matatu yaliyofuatana springi haipati nafasi ya kujinyoosha, kila tuta linaikuta chini zaidi, na la tatu linakuvunja kiuno. Nina hakika kubwa kwamba oili ya foki za jirani yako haijabadilishwa miaka mingi. Oili mpya, kipimo sahihi, skrubu zirudishwe kwenye hesabu ya kiwandani: hayo peke yake yatakupunguzia sehemu nzuri ya maumivu ya mgongo, na hujaharibu chochote.

Angalia na tairi kabla ya kulaumu springi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyokaa ndani ya gereji la villa miaka minane ina kashata nzuri ya kutazama, lakini mpira wake umekuwa kama kwato. Haimezi mashimo, na mvua ikinyesha inateleza.

Kuinua usukani ndiyo dawa inayogusa ugonjwa wenyewe, lakini ina gharama yake. Ukiinua vishikio, mpira wa breki na waya wa mafuta huenda visifike, na vikifika kwa kunyooka, siku utakapokata kona hadi mwisho vitavuta. Vidole gumba vinaweza kubanwa kati ya kishikio na tangi au plastiki ya mbele, na 916 tayari inakata kona kidogo sana; kugeuza kwenye vichochoro vya Mji wa Kale lazima ushuke usukume. Halafu uzito unahama kwenda nyuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi, wakati raha yote ya pikipiki hii ni namna mbele inavyokwambia barabara ikoje. Ukiinua sentimita mbili tatu kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yake, nakubali. Ukitaka kuiwekea usukani mrefu wa bomba, basi unatafuta pikipiki nyingine, na ipo, nitaitaja.

Kuhusu kuzoea, mwenzako amesema nusu ya kweli. Mwili unajifunza kuibana pikipiki kwa mapaja kwenye tangi na kujishikilia kwa misuli ya tumbo na mgongo, viwiko vikiwa vimelegea. Jaribu hivi: ukiwa kwenye kilomita 60, chezesha vidole kama mtu anayepiga kinanda. Ukishindwa, unaegemea mikono. Geuza pia vile vishikio vya breki na klachi vielekee chini kidogo, ili kifundo cha mkono kinyooke na mkono wa mbele badala ya kupinda. Hii ni kazi ya spana moja na dakika tano. Wengi hawaijui, na kwa ganzi inasaidia kuliko sponji yoyote. Ila hakuna zoezi litakaloleta upepo kwenye foleni ya Mtwapa.

Basi tuje kwenye mashine. Umeandika "kilomita 14,000 tu" kwa furaha. Mimi iliniongezea wasiwasi. Vali ni vile vilango vya injini vinavyoingiza mchanganyiko wa hewa na mafuta na kutoa moshi. Injini za kawaida zinazifunga kwa springi. Ducati hii haitegemei springi; vali inafunguliwa kwa mkono mmoja wa chuma na kufungwa kwa mkono wa pili, mfumo uitwao desmo, uliojengwa na mhandisi Fabio Taglioni kwenye pikipiki za mashindano za miaka ya 1950. Ni kazi ya akili kubwa, lakini maana yake kila vali ina nafasi mbili za kupimwa badala ya moja. 916 ina vali nane. Hizo ni nafasi 16, na huwezi kuzifikia mpaka uvue plastiki na vitu vingine kadhaa. Kila kilomita 10,000 zinatakiwa kukaguliwa.

Kisha kuna mikanda miwili ya mpira inayozungusha kamshafti, zile shafti zinazoendesha vali. Inabadilishwa kila kilomita 20,000 au kila miaka miwili, lolote litakalotangulia, na hilo la miaka ndilo watu wanalisahau. Mkanda uliosimama gerejini unajikunja mahali pamoja kwenye puli na kuchakaa bila kutembea. Ukikatika, vali na pistoni vinagongana, na hapo unazungumzia injini nzima. Muulize jirani yako lini mikanda ilibadilishwa. Jibu likiwa "sikumbuki", usiiwashe tena hadi ibadilishwe, hata kama ulishaipeleka Watamu ikarudi salama.

Ongeza hali ya kwetu. Klachi ya 916 ni kavu, haiogi kwenye oili; ule mlio wa sufuria za vyuma unaousikia ikisimama ni wa kawaida, usikutishe. Lakini kuvizia klachi kwenye foleni, yaani kuishika nusunusu ili pikipiki isogee polepole, kunaichoma haraka. Gia ya kwanza ni ndefu, hivyo utaivizia sana. Kuna nafuu rahisi: badala ya gia ndogo ya mnyororo yenye meno 15, weka ya meno 14. Injini itazunguka kama asilimia 7 zaidi kwa mwendo uleule, na pikipiki itatembea polepole bila kushtukashtuka. Ekzosi ziko chini ya kiti, na kwa jua la Februari utaoka mapaja kila ukisimama. Kifaa kinachorekebisha umeme kwenda kwenye betri kinajulikana kwa kuungua kwenye Ducati za miaka hiyo. Na hewa ya bahari inakula viunganishi vya nyaya na aluminiamu usiku na mchana. Ioshe kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, ikaushe, na kila kiunganishi ukipake grisi ya umeme.

Hayo nayasema kwa kuipenda, si kwa kuichukia. Sijaona mashine iliyopangwa kwa uzuri kuliko ile. Lakini safari zako ulizonieleza ni kazini, Watamu, na Mombasa kilomita kama 120 na mke nyuma, ukipita Gede, Matsangoni, Tezo, daraja la Kilifi, Vipingo na Mtwapa, matuta kila kijiji. Kwa safari hizo, 916 ikiwa pikipiki yako moja ya pekee, mimi nisingeinunua.

Zipo za Kiitaliano ambazo zingekufaa. Ducati 900SS ya miaka ya 1990 ina injini ya 904 cc inayopozwa kwa hewa, vali nne tu, kwa hiyo nafasi nane za kupima badala ya 16, hakuna rediata, na vishikio vyake viko juu kuliko vya 916. Bado unainama, ila kama mtu anayesoma gazeti mezani, si kama anayetafuta sindano sakafuni. Ile ninayoipendekeza zaidi ni Monster M900, aliyoichora Miguel Galluzzi, iliyoanza kuuzwa 1993. Injini ni hiyohiyo ya 900SS, lakini usukani ni wa bomba, mpana, mgongo karibu umesimama, na haina plastiki za kuvua kila unapotaka kuifikia injini. Upepo wa mwendo mkubwa utakuchosha juu yake, kwa kuwa haina kinga. Lakini huku kwetu mwendo huo utaupata dakika chache tu mbele ya msitu wa Arabuko Sokoke. Kwa kilomita 40 hadi 90 kwa saa, Monster inacheka.

Moto Guzzi nayo usiisahau. Silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia, vali nne zinarekebishwa kwa skrubu na nati, na mtu makini anaweza kuifanya chini ya mwembe kwa saa moja. Haina mnyororo wa kushika mchanga. Nguvu inakwenda gurudumuni kwa shafti. Le Mans ya 1976 ni nzuri ya kutia wazimu, ingawa nayo inakuinamisha. California ina usukani wa juu na kiti kipana cha watu wawili, na polisi wa Italia walifanyia kazi Guzzi za namna hiyo kutwa nzima. Ukipata moja iliyo safi, mkeo atakushukuru.

Na mkeo nimemwacha mwisho ingawa yeye ndiye aliyeniamulia jibu. Kwanza hakikisha hiyo 916 ni ya watu wawili, maana zipo zilizotoka na kiti kimoja. Ikiwa ni ya wawili, kiti cha nyuma ni kidogo kama sahani, kiko juu, chini yake ekzosi zinawaka, na kila breki inamtupa mgongoni kwako, nawe unayapeleka yote kwenye viganja vilevile. Kukaa upande kama kwenye bodaboda hakuwezekani. Buibui au dera lenye pindo refu karibu na mnyororo na gurudumu ni hatari ya kweli; nimewahi kukata nguo iliyojisokota hivyo kwenye pikipiki ya kawaida, na mama yule alinusurika kwa kuwa walikuwa wanaondoka tu, mwendo bado mdogo. Suruali ngumu ndani, pindo limefungwa, viatu vilivyofunika kifundo, na helmeti inayomkaa. Kama hataki hayo, msafiri kwa gari, na 916 isiingizwe kabisa katika mpango wa Mombasa.

Ukinijibu kwamba una usafiri mwingine wa kila siku, na unaitaka hii kwa saa moja ya alfajiri ya Jumapili, kuvuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui na Gongoni kabla jua halijapanda, nitabadilisha jibu langu bila kusita. Kwa saa moja, barabara ikiwa wazi, mwili unastahimili na moyo unapata haki yake. Hapo fanya oili ya foki, vipimo vya springi, tairi, kiti kilichosawazishwa, gia ya meno 14, mikanda na vali, na uache umbo lake kama lilivyo. Vifaa vyote vya asili unavyovitoa vifunge kwenye kitambaa uviweke, kwa sababu 916 iliyobaki asili haishuki thamani kama iliyochezewa.

Karatasi zake ziangalie kabla ya pesa. Namba ya fremu na ya injini zilingane na rekodi za NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari na pikipiki, jina la mwenye pikipiki liwe la anayekuuzia, na uhamisho wa umiliki ukamilike kabla hajapanda ndege. Kazi ya vali na mikanda mpe fundi aliyewahi kuifungua desmo kwa mikono yake, hata ikibidi umfuate Mombasa au Nairobi. Kujifunzia kwenye injini yako kutakugharimu kuliko nauli.

Sasa ganzi. Kidole cha pete na cha mwisho vinalishwa na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, mahali haswa ulipoegemea. Ganzi ikiondoka ndani ya saa chache, ni onyo. Ikikuamsha usiku, ikibaki siku kadhaa, au ukiona unashindwa kufunga kifungo cha shati au kuukamata ufunguo vizuri, acha pikipiki kabisa na umwone daktari akupime mkono. Mgongo vilevile: maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, au mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali. Ukipoteza hisia sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo, nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kabla hujamlipa jirani yako, nipigie picha zile tarakimu nne za tairi zote mbili, na risiti ya mwisho ya mikanda kama anayo. Nikiziona nitakwambia bei gani ni ya haki.